Ligi ndogo za besiboli za Marekani: je, ni televisheni iliyoziua?

Msomaji mmoja anayeishi mashariki mwa jimbo la North Carolina, Marekani, ametuandikia kwamba wazee wa mji wake humsimulia habari za ligi ya kulipwa ya besiboli iliyokuwa ikichezwa katika miji midogo ya eneo lile na kupotea mwanzoni mwa miaka ya 1950. Anauliza mambo mawili. La kwanza, je, ni kweli kama anavyoambiwa kwamba televisheni ndiyo iliyoiua ligi hiyo na nyingine nyingi za aina yake? La pili, je, Coastal Plain League inayochezwa siku hizi wakati wa kiangazi ndiyo ile ya zamani iliyofufuliwa?

Nianze na jibu lenyewe, kisha nitoe sababu. Televisheni ilichangia, na katika miji iliyokuwa karibu na majiji makubwa ilichangia sana, lakini tarehe hazikubali kuibebesha mzigo wote. Kilichoziua ligi hizi, kwa maoni yangu, ni kwamba zilipoteza wamiliki wake wa mjini. Zilianza zikiwa mali na fahari ya miji, zikageuka kuwa vituo vya mafunzo vya klabu kubwa za mbali, na siku zilipoacha kuwafaa wakubwa hao hakubaki mtu mjini mwenye uwezo, wala hata sababu, ya kuziokoa. Yapo na mengine, na mojawapo, yaani ubaguzi wa rangi, husahauliwa mno katika masimulizi ya wazee.

Msomaji aliyelelewa na soka atapotea njia mapema asipotambua tofauti moja ya msingi. Katika soka, klabu ya chini ikifanya vizuri hupanda daraja, na ya juu ikifanya vibaya hushuka. Katika besiboli ya Marekani klabu haipandi wala haishuki. Ikichukua ubingwa miaka kumi mfululizo itabaki palepale ilipo. Anayepanda ni mchezaji, na anapopanda huwa ameuzwa au amechukuliwa. Kwa hiyo klabu ya mji mdogo iliishi kwa mapato ya aina mbili: kiingilio cha watu wa palepale, na fedha za kuwauza vijana wake wazuri kwa ligi za juu. Mrushaji maarufu Lefty Grove, ambaye baadaye alishinda mechi 300 katika ligi kuu, alianzia mwaka 1920 katika klabu ya Martinsburg, West Virginia, iliyocheza Blue Ridge League. Klabu hiyo ilimuuza kwa Baltimore kwa dola zipatazo 3,500, na husimuliwa mpaka leo kwamba fedha zenyewe zililipia uzio wa uwanja. Blue Ridge League, iliyounganisha miji midogo ya Maryland, Pennsylvania na West Virginia tangu 1915, ilikufa baada ya msimu wa 1930.

Utaratibu wa madaraja uliwekwa rasmi na chama kilichoundwa Chicago tarehe 5 Septemba 1901, ambapo viongozi wa ligi ndogo, yaani ligi za kulipwa zilizo chini ya ligi kuu, wakiwa chini ya rais wao wa kwanza Patrick T. Powers, walikubaliana kuheshimiana katika mikataba ya wachezaji na katika mipaka ya maeneo. Kila ligi ilipewa herufi kwa kufuata wingi wa watu katika miji yake: A kwa ile yenye miji mikubwa, kisha B na C, na D kwa ile ya chini kabisa. Daraja D ndilo lililokuwa na ligi nyingi zaidi, na ndilo linalohusu swali lako. Coastal Plain League ilijiunga na daraja hilo mwaka 1937, ikiwa na miji kama Kinston, Goldsboro, Greenville, New Bern, Tarboro, Ayden na Snow Hill. Snow Hill ulikuwa na wakazi wasiofika elfu moja, lakini ulikuwa na klabu yake ya kulipwa, na klabu hiyo ilichukua ubingwa mwaka huohuo wa kwanza. Ukilitafakari jambo hilo utaelewa kwa nini wazee bado wanalizungumzia: wakulima wa tumbaku wa kijiji kizima waliweza kukaa jukwaani jioni moja wote kwa pamoja, na uwanja usijae.

Ni muhimu pia kujua kwamba ligi hizi zilikuwa zikifa tangu mwanzo. Kitty League, iliyopata jina lake kutokana na herufi za mwanzo za majimbo ya Kentucky, Illinois na Tennessee, ilianza 1903, ikasimama, ikaanza tena, ikasimama tena, na iliendelea hivyo mara kadhaa hadi ilipofungwa kabisa mwaka 1955. Mwaka 1918, vita vikiwa vimechukua vijana, ligi ndogo moja tu, International League, iliweza kumaliza msimu wake. Mwaka 1933, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, zilianza msimu ligi zipatazo 14 tu katika nchi nzima. Vita Vikuu vya Pili viliziangusha tena, na vilizua hata kichekesho kimoja cha historia: mwaka 1943 paliundwa ligi ya pekee kuwahi kupewa daraja E, Twin Ports League ya miji ya Duluth na Superior, nayo ilivunjika kabla ya kumaliza msimu wake huo mmoja. Coastal Plain League yenyewe ilisimama baada ya msimu wa 1941 na kurejea 1946.

Kufa, basi, hakukuwa jambo geni. Kabla ya miaka ya 1950, ligi iliyokufa ilifufuka mara tu hali ilipotengemaa: wafanyabiashara watano au sita wa kila mji walichangishana, wakapata kibali cha chama, wakakodi uwanja wa halmashauri, na mpira ukaanza kurushwa. Baada ya miaka hiyo hawakurudi tena. Nadhani hilo ndilo linalohitaji kuelezwa zaidi, kuliko kifo chenyewe.

Kilele kilikuwa mwaka 1949. Msimu huo kulikuwa na ligi 59 zenye klabu zaidi ya 440, na watazamaji walikaribia milioni 40. Takwimu hizi hutajwa kila mara kama kipimo cha hali ya kawaida, kisha anguko lililofuata huonekana kama msiba usioelezeka. Mimi siafiki. Mwaka 1949 haukuwa wa kawaida hata kidogo. Maelfu ya wanaume walikuwa wamerudi kutoka vitani wakitaka kucheza, familia zilikuwa na akiba ya fedha za miaka ya vita na bidhaa za kununua zilikuwa bado chache, na taa za uwanjani, zilizoanza kutumika katika ligi ndogo mwaka 1930 huko Independence, Kansas, na Des Moines, Iowa, zilikuwa zimeenea karibu kila mahali, hivyo mkulima na mfanyakazi wa kiwanda waliweza kufika baada ya kazi. Ligi zilianzishwa katika maeneo ambayo hata miaka mizuri yasingeweza kuzibeba. Sehemu ya anguko la baadaye ilikuwa ni kurudi tu katika kiwango ambacho miji hiyo ingeweza kukimudu.

Sasa tuipime televisheni kwa tarehe. Kati ya Septemba 1948 na Aprili 1952 serikali ya Marekani ilisitisha kutoa leseni mpya za vituo vya televisheni, ili kupanga upya masafa, na kwa hiyo kwa miaka mitatu na nusu sehemu kubwa ya nchi, hasa ya vijijini, haikuwa na kituo cha kutazama. Mwaka 1950 ni takriban nyumba tisa tu katika kila mia zilizokuwa na seti. Lakini anguko lilikuwa limekwisha kuanza: kufikia 1951 watazamaji wa ligi ndogo walikuwa wamepungua hadi chini ya milioni 30. Tukija karibu na kwako, Coastal Plain League ilicheza msimu wake wa mwisho 1952, ilhali kituo cha televisheni cha Greenville kilianza kurusha matangazo Desemba 1953. Ni kweli kwamba kituo cha Norfolk, Virginia, kilikuwa hewani tangu 1950 na baadhi ya nyumba za kaskazini mwa eneo lenu ziliweza kukinasa kwa antena ndefu, lakini mtu hawezi kusema kwa haki kwamba ligi nzima iliuawa na picha ambazo watazamaji wake wengi walikuwa hawajaziona.

Chombo kilichozipiga ligi hizi mapema zaidi ni redio. Awali ligi kuu zilikuwa na kanuni iliyozuia klabu kubwa kutangaza mechi zake ndani ya eneo la klabu nyingine. Wanasheria wa serikali waliiona kanuni hiyo kuwa inakiuka sheria za ushindani, hivyo ililegezwa mwaka 1949 na kuondolewa 1951. Mtangazaji wa Texas, Gordon McLendon, alijenga mtandao wa mamia ya vituo uliopeleka mechi ya ligi kuu kila siku katika miji midogo, mara nyingi kwa kusoma taarifa za simu ya maandishi huku akiigiza kelele za umati studioni. Mtu wa Ayden aliyekuwa akilipa senti zake kumwona mrushaji wa daraja D sasa alikaa barazani akisikiliza New York na Brooklyn bure. Televisheni ilipowasili baadaye ilikuta mazoea hayo yamekwisha kujengeka, na ilipoanza kuonyesha mechi ya kila wiki mwaka 1953, ligi nyingi za daraja D zilikuwa tayari zinahesabu siku. Vita vya Korea navyo vilikuwa vimekwisha kuchukua wachezaji wa umri uleule ambao klabu hizo ziliwategemea.

Nakuja kwenye sababu ninayoiona kubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 Branch Rickey, aliyeiongoza St. Louis Cardinals, klabu iliyokuwa na fedha kidogo, aliona kwamba akishindana sokoni kununua wachezaji kutoka ligi ndogo atashindwa daima na matajiri wa New York. Aliamua kuzinunua klabu zenyewe, zote kuanzia za juu hadi za daraja D, asajili vijana kwa mamia kwa bei ndogo na kuwapandisha hatua kwa hatua. Kufikia 1940 Cardinals walimiliki zaidi ya klabu 30, na klabu nyingine kubwa zilikuwa zimekwisha kuiga. Kamishna wa besiboli, Jaji Kenesaw Mountain Landis, aliuchukia mfumo huo, na mwaka 1938 aliwaachia huru wachezaji zaidi ya 70 wa Cardinals, kwa hoja kwamba klabu moja haiwezi kuwa na mkono katika timu mbili zinazoshindana ndani ya ligi moja. Hoja yake ilikuwa sahihi, lakini hakuweza kuyazuia maji hayo. Na tusimwonee Rickey: wakati wa mdororo wa uchumi fedha za klabu mama ndizo zilizoziweka hai ligi kadhaa ambazo vinginevyo zingekufa.

Gharama ya wokovu huo ililipwa polepole. Klabu tanzu haina mchezaji wa kumuuza, kwa sababu wachezaji si wake, kwa hiyo pato la pili nililolitaja hapo juu lilitoweka. Mchezaji bora wa timu huondolewa Julai, timu ikiwa inaongoza ligi, kwa sababu klabu mama inamhitaji mahali pengine. Meneja huagizwa kumchezesha kijana asiyejua kupiga, kwa kuwa kijana huyo alilipwa fedha nyingi kusaini mkataba. Mtazamaji si mjinga. Akishaona mara mbili au tatu kwamba ushindi wa mji wake haumhusu mtu yeyote mwenye mamlaka, hubaki nyumbani, na akibaki nyumbani hutafuta la kufanya, ndipo redio na televisheni humkaribisha.

Ili kuona kilichopotea, itazame Longhorn League ya magharibi mwa Texas na kusini mashariki mwa New Mexico, iliyoanza 1947 na kucheza kwa jina hilo hadi 1955. Katika miji ya mafuta na mifugo kama Midland, Odessa, San Angelo, Artesia na Roswell, klabu nyingi zilikuwa huru au karibu huru, na wachezaji wengi walikuwa watu wazima waliochagua kubaki. Joe Bauman, mtu mkubwa wa Oklahoma aliyepigia mkono wa kushoto, alikuwa chini ya mkataba wa Boston Braves baada ya vita. Walipotaka apokee mshahara mdogo kuliko alioutaka, aliacha ligi za kulipwa na kwenda kuchezea timu ya mji wa Elk City, ambako aliona maslahi yake ni bora zaidi. Mwaka 1952 alirudi kwa kuingia Artesia, ambako misimu miwili alipiga homurani (mapigo yanayovusha mpira nje ya uzio) 50 na 53, na mwaka 1954 alihamia Roswell. Msimu huo alipiga homurani 72 katika mechi 138, kwa wastani wa mapigo ya .400, yaani mapigo manne yaliyofanikiwa katika kila majaribio kumi. Tatu za mwisho alizipiga siku ya mwisho ya msimu, tarehe 5 Septemba, ugenini kwake Artesia. Hakuna mchezaji wa kulipwa aliyezidi idadi hiyo hadi Barry Bonds alipopiga 73 mwaka 2001. Hewa kavu na nyepesi ya nyanda zile ilisaidia mpira kuruka. Miaka sita kabla, Bob Crues wa Amarillo alikuwa amepiga 69 katika ligi jirani ya West Texas-New Mexico. Lakini hewa ilikuwa ileile kwa wapigaji wote, na wote hawakupiga 72.

Linalonivutia zaidi kuliko idadi hiyo ni desturi iliyoambatana nayo. Mpigaji alipovusha mpira uzio, watazamaji walisukuma noti za dola kupitia matundu ya wavu uliowakinga, naye alipita akizikusanya. Katika usiku mzuri mchezaji aliweza kuondoka na fedha zisizo haba zikilinganishwa na mshahara wake. Sijui uthibitisho ulio wazi zaidi wa mchezaji kuwa wa watu waliomtazama, kwani walimlipa mkononi, nao hawakuhitaji ruhusa ya mtu wa Boston. Bauman hakufika ligi kuu hata siku moja, aliishi Roswell akiendesha kituo cha mafuta, na uwanja wa mji ukaja kupewa jina lake.

Longhorn nayo ilikufa, na uaminifu unanilazimu kusema kwamba uhuru wake haukuikinga. Ukame mkali ulioikumba Texas ya magharibi kuanzia 1950 hadi 1957 ulikausha mifuko ya wafugaji, safari za basi kati ya miji zilikuwa ndefu, na klabu iliyopoteza fedha haikuwa na mtu wa kuifidia. Mwaka 1956 ligi ilibadili jina kuwa Southwestern League, na mwaka 1957 ikafungwa. Tazama kilichofuata: kuanzia 1958 hadi 1961 eneo hilohilo lilipata ligi ya daraja D, Sophomore League, ambayo klabu zake ziliendeshwa kwa fedha na wachezaji wa klabu kubwa. Vijana walikuja, wakafundishwa, wakaondoka. Klabu kubwa zilipopanga upya bajeti zao, ligi nzima ilifutika, na safari hii hakuna wafanyabiashara wa mjini waliochangishana, kwa sababu hakukuwa na kitu chao cha kukiokoa.

Katika Sophomore League hiyohiyo alicheza mwaka 1959 kijana mweusi aitwaye Willie Stargell, ambaye baadaye alikuwa nyota wa Pittsburgh, na ambaye huko Plainview, Texas, alitishiwa kwa bunduki ili asicheze. Hapa ndipo tunapoingia kwenye sababu ambayo wazee wako, kama ni wa upande mmoja wa mji, huenda hawakukusimulia. Ligi nyingi zilizokufa zilikuwa za Kusini, na viwanja vyake vilikuwa na jukwaa la nyuma kwa watazamaji weusi, waliolipa kiingilio lakini hawakuruhusiwa kuwaona watu wao wakicheza. Baada ya Jackie Robinson, mchezaji mweusi wa kwanza wa ligi kuu katika karne ya 20, kuingia klabu ya Brooklyn mwaka 1947, watazamaji hao walikuwa na timu nyingine ya kuishabikia, na redio ya kuifuatilia.

Tukio la Cotton States League ni la kusikitisha kwa upumbavu wake. Mwaka 1953 klabu ya Hot Springs, Arkansas, iliwasajili ndugu wawili warushaji weusi, Jim na Leander Tugerson. Klabu nyingine, zikiongozwa na za Mississippi, zilipiga kura kuifukuza Hot Springs kwenye ligi. Rais wa chama cha ligi ndogo, George Trautman, alibatilisha uamuzi huo. Tarehe 20 Mei Jim aliitwa kurusha mechi ya nyumbani dhidi ya Jackson. Watu walifurika kuliko kawaida, na kabla ya mpira wa kwanza kurushwa mwamuzi, kwa amri ya rais wa ligi, aliwapa Jackson ushindi wa mezani. Yaani ligi iliyokuwa ikilia ukosefu wa watazamaji ilipata usiku wa watazamaji wengi, ikawarudisha nyumbani. Jim alipelekwa Knoxville katika Mountain States League, alishinda mechi 29 msimu ule, na alifungua kesi ambayo haikumpa haki. Cotton States League ilikufa baada ya msimu wa 1955.

Evangeline League ya Louisiana, iliyoanza 1934 na ambayo tayari ilikuwa imechafuliwa na kashfa ya kamari ya mwaka 1946 iliyosababisha wachezaji watano kufungiwa, haikujifunza kwa jirani. Mwaka 1956 Baton Rouge ilikataza wachezaji weusi katika uwanja wake wa umma, klabu za Lafayette na Lake Charles zikalazimika kuwaondoa wachezaji wao, na mmoja wa walioondolewa alikuwa kijana wa Jamhuri ya Dominika aitwaye Felipe Alou. Alipelekwa Florida, ambako alipiga kwa wastani wa .380 na baadaye alicheza, kisha kufundisha, ligi kuu kwa miaka mingi. Watazamaji weusi wa Louisiana walisusia viwanja, bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuharamisha michezo mchanganyiko, na ligi ilifungwa 1957. Juu ya hizo kulikuwa na Southern Association, ligi kubwa na ya heshima ya tangu 1901 yenye miji kama Atlanta, Memphis, Nashville na Birmingham. Katika maisha yake yote ilimchezesha mtu mweusi mmoja tu, Nat Peeples wa Atlanta, kwa mechi mbili mwezi Aprili 1954. Ilikufa baada ya msimu wa 1961. Klabu kubwa, ambazo sasa zilikuwa na wachezaji weusi wa kufundisha, hazikuwa na haja na ligi isiyoweza kuwapokea. Hivyo hata ukiliangalia jambo hili kwa jicho la biashara tupu, ubaguzi ulizifungia ligi hizo mlango wa msaada wakati uleule zilipouhitaji.

Mwaka 1963 utaratibu mzima ulipangwa upya. Madaraja B, C na D yalifutwa, ligi zilizobaki zilikuwa chini ya 20 na watazamaji wapatao milioni kumi, na klabu kubwa ziliahidi kugharamia wachezaji wa klabu ndogo kwa mapana. Mpango huo uliokoa kilichobaki, lakini uliandika kwa kalamu kile ambacho kilikuwa kimetokea kwa vitendo: ligi ndogo zipo kwa ajili ya ligi kuu. Matokeo yake ya mwisho yalionekana mwaka 2020. Makubaliano ya zamani kati ya ligi kuu na ligi ndogo yalipomalizika Septemba ya mwaka huo, baada ya msimu mzima kufutwa kwa sababu ya korona, ligi kuu ilichukua uendeshaji wote na kupunguza klabu tanzu kutoka 160 hivi hadi 120. New York-Penn League, iliyoanzishwa Batavia mwaka 1939 kama ligi ya daraja D, ilifutwa, ingawa baadhi ya klabu zake zilikuwa zikiuza tiketi vizuri. Klabu kadhaa zilizoachwa zilienda mahakamani kupinga kinga ambayo besiboli imekuwa nayo dhidi ya sheria za ushindani tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya mwaka 1922; shauri hilo lilimalizwa kwa makubaliano Novemba 2023, na kinga imebaki ilivyo. Hakuna aliyeweza kuilaumu televisheni safari hii.

Kuhusu swali lako la pili, jibu ni hapana. Coastal Plain League ya zamani, iliyocheza kama ligi ya kulipwa kati ya 1937 na 1941 na kati ya 1946 na 1952, ilivunjika na haikuacha mrithi wa kisheria. Ya sasa ilianzishwa 1997 na watu wengine ili kuwapa wanafunzi wa vyuo vikuu mahali pa kucheza wakati wa likizo ya kiangazi. Wachezaji hawalipwi, kwani wakilipwa wangepoteza sifa ya kuchezea vyuo vyao, na miji yake imeenea katika majimbo kadhaa. Ilichukua jina kwa kuienzi ile ya kwanza, na baadhi ya klabu zilifanya vivyo hivyo: Wilson ilikuwa na Tobs, jina linalotokana na tumbaku, katika ligi ya zamani, na ikawa na Tobs katika mpya. Rekodi za ligi hizo mbili hazichanganywi, na ukikuta mahali zimeunganishwa usiziamini. Ukitaka kuona vitu vya ligi ya zamani kwa macho, nenda Wilson katika uwanja wa Fleming, uliojengwa 1939, ambamo mna makumbusho ya besiboli ya North Carolina. Kwa matokeo ya mechi na majina ya wachezaji, omba maktaba ya wilaya yako ikuonyeshe magazeti ya miji hiyo ya miaka ya 1946 hadi 1952, ambayo yalichapisha takwimu za kila mechi hata za klabu zilizokuwa mkiani.